Nyuzi Tatu za Yudita

Lameki Mlowe,
Fundi Cherehani (nguo za kike, za kiume na sare za shule),
Makambako.

16 Februari 1998

Mganga Mkuu,
Hospitali ya Misheni,
Njombe.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUREJESHEWA MKE MWENYE NYUZI TATU TU

Kamwene. Hata mtu mwenye hasira huanza kwa salamu, na mimi wazazi wangu walinilea. Poleni na baridi ya huko Njombe; sisi Makambako tuna upepo wetu kama kawaida. Baada ya hayo, naomba uketi. Mimi naandika nikiwa nimesimama kwenye meza yangu ya kukatia nguo, kwa kuwa kukaa kumenishinda tangu juzi, lakini hilo halikuhusu.

Mimi ni mume wa Yudita, yule mama mrefu wa kitanda cha dirishani mliyemtoa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, Jumanne ya tarehe 13 Januari mwaka huu. Kama sura yangu umeisahau, mimi ndiye niliyekuja na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Mlinzi wako wa getini aliniuliza kama nauza maziwa.

Barua hii sikuiandika kwa kukurupuka. Nimeikata, nikaijaribisha, ndipo nikaishona. Malalamiko yangu ni sita. Ila kwanza lazima ujue taratibu zetu, maana inaonekana wazi kwamba mlipasua bila kuuliza.

Kina mama wa mtaa wetu, Yudita akiwamo, wana kikundi kiitwacho Tuinuane. Ni kikundi cha mgowe, yaani wanakusanyika na majembe yao wanamlimia mwenzao aliyekwama, kama bibi zetu walivyofanya, isipokuwa siku hizi kuna katiba na katibu. Ibara ya saba inasema hivi: mwanachama, au mtu wa nyumbani kwake, akipasuliwa hospitali, kikundi kitampalilia shamba siku moja kwa kila uzi alioshonwa. Uzi mmoja, siku moja. Zamani hawakuwa na kipimo. Kuna mama alitumbuliwa jipu la kwapani akalimiwa msimu mzima, na lilipoota jipu la pili watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Ndipo wakaja kwangu kuomba ushauri, nami kama mtu wa fani nikawaambia wahesabu nyuzi, kwa kuwa uzi haudanganyi. Walinipigia vigelegele siku ile. Nayakumbuka maneno yangu vizuri sana, na ningekuwa na uwezo ningeyameza.

Kipimo cha mtaa mzima ni Bi Ashura, muuza vitenge wa karibu na stendi. Yeye alikuwa na uvimbe wa aina ileile ya mke wangu, akapasuliwa miaka minne iliyopita kwa mtindo wa wazi, chini ya kitovu, moja kwa moja. Nyuzi ishirini na nne. Siku ishirini na nne kina mama kumi na sita waliingia shambani kwake wakiimba, naye amekaa barazani kajifunika blanketi, anakunywa uji na kuwaonyesha kwa kidole pale waliporuka. Shamba lile lilitakata hata kuku wakakosa pa kujificha. Nililiona kwa macho yangu, na tangu siku hiyo sikutulia.

Sasa niingie kwenye malalamiko.

1. KUMUULIZA MKE WANGU BADALA YA KUNIULIZA MIMI.

Siku ile ofisini kwako ulimweleza Yudita njia nne. Kwamba angeweza kupewa dawa na kungoja huku mkimwangalia. Kwamba mngeweza kuondoa mfuko wote wa uzazi, na habari ya uvimbe ingekwisha, na habari ya mtoto nayo ingekwisha. Kwamba mngeweza kulifungua tumbo kwa kisu, mkatoa uvimbe na kuuacha mfuko. Na kwamba walikuwapo madaktari wageni wenye darubini ndogo, ambao wangepitisha vyombo kwenye matundu matatu, kwa kuwa uvimbe wake ulikuwa mmoja na ulikaa mahali panapofikika. Mimi wakati huo nilikuwa nje nagombana na mlinzi juu ya ndoo. Niliporudi, nikakuta amekwisha kusaini. Karatasi hata wino haujakauka!

Ndugu Mganga Mkuu, nani alimwambia achague dogo? Mtu akienda sokoni akakuta fungu kubwa na fungu dogo la viazi, anachukua lipi? Mimi ningechagua ile ya tatu, ya kisu kirefu, kitovu mpaka mpakani. Nilipomuuliza Yudita kwa nini hakuningoja, akasema tumbo ni lake na kisu kingepita kwake. Nimelifikiria jibu hilo kwa mwezi mzima, nalo ni lalamiko pia.

2. TELEVISHENI.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa muuguzi akitoka, nilichungulia. Simtaji mtu kwa jina, lakini nilichokiona nimekiona. Mke wangu amelala pale chini ya taa, na daktari mgeni hamtazami! Mikono iko tumboni kwa Yudita, macho yako kwenye televisheni. Na wenzake wote vivyo hivyo, wamekodoa macho kama watu wa fainali.

Televisheni tunazijua. Pale karibu na stendi Issa anaonyesha video mchana kutwa, na hata watu wa Issa wanajua kwamba ukiangalia picha huwezi kumenya karanga sawasawa. Mimi mwenyewe siku ya mpira nikisikiliza redio huku nashona, mkono mmoja wa shati hutoka mrefu kuliko mwenzake. Muuguzi wako alinieleza baadaye kwamba kile walichokitazama ni tumbo la mke wangu lenyewe, kwa ndani, kwamba darubini ina taa na inapeleka picha. Nikamwambia, dada yangu, kama ni hivyo si afadhali waangalie tumbo lenyewe, lipo hapohapo, wala halihitaji umeme? Akacheka, akaondoka.

3. UKUBWA WA MATUNDU, NA HABARI YA NDOO.

Hapa naongea kama fundi wa miaka kumi na tisa. Mlisema uvimbe ulikuwa na ukubwa wa chungwa lililoiva. Matundu niliyoyaona ni ya vifungo. Si vya koti la baridi, la hasha, vya shati. Moja mmelipitisha kitovuni, na hilo silihesabu, maana hapo Mungu alikwisha kuanza kazi. Chungwa halipiti kwenye tundu la kifungo. Nimejaribu nyumbani, kwa chungwa halisi na shati langu la Jumapili, na shati sasa ni la kuendea shambani.

Mkasema ulikatwa vipande vipande humohumo ndani, ukavutwa kidogo kidogo. Haya, na mimi nilikuwa nimekuja na ndoo! Bi Ashura alirudi na wake kwenye chupa, akauweka sebuleni wiki nzima, kila aliyekuja kumpa pole akauona, akaguna, akatoa alichokuja nacho kwa moyo mweupe. Mimi nikaambiwa vipande vimepelekwa kupimwa na havirudishwi. Nikarudi na ndoo tupu. Njiani basi likasimama, nikaona ni aibu mtu mzima kubeba ndoo tupu kutoka Njombe, nikanunua njegere.

Matokeo yake unayaweza kuyakisia. Tulipofika nyumbani wageni walikuwa wamejaa, na kabla sijafungua mdomo mtu akafunua mfuniko. Mpaka leo kuna watu wa mtaa wa pili wanaoapa kwamba Yudita wa Mlowe alitolewa njegere tumboni, debe zima. Kuna mama ameacha kabisa kuzila.

4. BEGA.

Mmepasua tumbo, likauma bega. Siku mbili mke wangu analalamika bega! Mimi nikiwa na mashaka ya haki nikauliza kama mlikosea mahali. Muuguzi akasema ni ile hewa, kwamba kabla ya kazi tumbo hujazwa hewa ili liinuke na vyombo vipate nafasi, na ile inayobaki huleta maumivu begani mpaka iishe yenyewe. Iliisha kweli, siku ya tatu. Lakini, Ndugu Mganga Mkuu, mlimchukua mtu wa Makambako, mkampeleka Njombe, mkamjaza upepo! Kama ni upepo tungebaki nyumbani tu, tukamsimamisha barabara ya Iringa akiwa amefunua mdomo.

5. KUHESABIWA.

Siku ya pili baada ya kurudi, alikuja Katibu wa kikundi, Mama Emerensiana. Huyu mama alikuwa mhesabu kura kwenye uchaguzi uliopita, na kazi hiyo haijamtoka. Walifunga mlango wa chumbani, yeye na kina mama wawili na tochi, nami nikabaki sebuleni nimeshika kikombe. Nikangoja. Nilikuwa nimejiandalia uso wa unyenyekevu kwa ajili ya namba kubwa. Mlango ukafunguliwa, Mama Emerensiana akatangaza kwa sauti ya kituo cha kura: nyuzi tatu.

Nikamwomba arudie hesabu. Akarudia. Tatu. Nikamwomba atazame na mgongoni. Akanitazama mimi, akafunga daftari lake. Bi Ashura, ambaye kwa haki angenyamaza, akasema kwamba nyuzi tatu hata yeye anazo kwenye kitambaa cha meza.

Basi wakaja siku tatu. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wako katikati ya mstari, si mwisho, katikati, Mama Emerensiana akapiga filimbi. Majembe juu, kanga kiunoni, wakaondoka wanaimba. Na wakati wa kuaga wakamtania mke wangu kwa ule msemo wa mgeni, kwamba mgonjwa siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yudita akacheka nao. Mimi sikucheka. Ile karatasi mliyompa inasema wiki sita asiinue jembe, wala ndoo, wala mzigo wa kuni. Wiki sita! Nyuzi zinasema siku tatu, karatasi inasema wiki sita, na katikati ya siku tatu na wiki sita kuna shamba, na shambani kuna majani, na nyumbani kuna watu wawili tu. Mmoja amekatazwa na hospitali. Nakuachia utafute wa pili ni nani.

6. SHAMBA LENYEWE.

Sasa hapa naomba usinicheke. Mwezi wa Novemba, nilipojua Yudita atapasuliwa, nilikaa chini nikapiga mahesabu. Bi Ashura ni mfupi, alipata ishirini na nne. Yudita ni mrefu. Mwanamke mrefu, kovu refu, nikakadiria thelathini, na kwa kuwa mimi si mtu wa tamaa nikaandika ishirini na nane. Siku ishirini na nane mara kina mama kumi na sita! Shamba letu la nyuma ya nyumba lingekwisha kabla ya chai. Nikaenda Wanging'ombe kwa Abrahamu, tuliyesoma naye, nikakodi ekari mbili zaidi, nikapanda mahindi yote, na maharage katikati. Fundi mwenzangu mmoja akaniuliza palizi nitaifanyaje na mke ni mgonjwa. Nikamwambia mke ndiye palizi yenyewe.

Kisha ikaja mvua hii ya Elinino. Mvua haina adabu mwaka huu, Ndugu Mganga Mkuu. Mahindi yamefika magotini, na majani yamefika kiunoni. Abrahamu ananitumia salamu kila basi linapotoka huko kwamba shamba lake limegeuka pori, kwamba ameona kanga mwitu wametaga. Na mimi, ambaye tangu nimalize darasa la saba jembe nilikuwa naliazima kwa ajili ya mpini tu, ndiye ninayepanda gari la alfajiri kwenda kupalilia, mchana nashona, jioni napalilia la nyuma ya nyumba huku majirani wakinisalimia kwa heshima isiyo ya kweli.

Yudita alitaka kunisaidia. Siku ya kumi alilishika jembe, akasema anajisikia mzima. Nililinyakua nikalificha kwa jirani. Sipendi kulima, lakini ile damu ya mwezi iliyomtoka bila kipimo miaka sita kwa ajili ya uvimbe sitaki kuiona tena. Ulikuwa hujamwona wakati ule. Viganja vilikuwa vyeupe kama chaki. Kutoka nyumbani mpaka bombani ni hatua mia mbili, naye alikuwa anapumzika mara nne. Basi jembe sitampa, hata katibu apige filimbi mpaka mashavu yapasuke.

7. Nilisema sita, lakini kuna la saba, nalo ndilo baya kuliko yote: AMEPONA.

Amepona haraka mno, na mbele za watu. Siku ya kurudi nilikuwa nimeandaa mkokoteni pale stendi, wenye godoro, mto na blanketi mbili, ili mtaa mzima uone mgonjwa anavyorudi. Yudita aliposhuka kwenye basi akauangalia mkokoteni, akaniangalia mimi, akasema yeye hapandi. Mwenye mkokoteni naye akasema yeye amekodiwa na haendi mtupu. Likapanda godoro peke yake. Sisi tukalifuata nyuma kwa miguu, mimi na ndoo ya njegere, yeye na tabasamu, watu wanatoka madukani kuuliza godoro linaumwa nini.

Hilari, yule mgema wetu, alikuja na ulanzi wa kumpa pole. Alimkuta Yudita anachambua maharage na kuimba. Akakaa, akamtazama, akasema hapa hakuna mgonjwa, akaunywa ulanzi wote mwenyewe akaenda zake. Kanisani sasa Yudita ananitangulia. Miaka sita nilikuwa namngoja njiani, leo yeye ndiye anayesimama kuningoja mimi, na mkono kiunoni. Juzi alinambia mwezi wake umekuja na kwisha siku nne, kwa kiasi, kama wa watu wengine. Alilisema hivihivi tu, anapepeta mchele. Nikatoka nyuma ya nyumba nikalia. Mtu mzima, fundi, mwenye wateja, nalia kando ya banda la kuku! Mngetwambia mapema kwamba na hilo limo, mtu akajiandaa.

8. Na la mwisho kabisa, ni la kitaifa: KILA KITU KINAPUNGUA.

Tangu waseme soko huria, mimi natazama tu. Mkate umepungua. Mche wa sabuni umepungua. Kiberiti kimeandikwa njiti hamsini, nimehesabu mwenyewe arobaini na moja, na tatu hazina vichwa. Suruali nilizokuwa nashona mimi, leo zinakuja zimeshonwa, kwenye marobota, zimeshavaliwa na watu tusiowajua. Tumevumilia. Lakini sasa na operesheni? Ilikuwa ya nyuzi ishirini na nne, imekuja ya tatu. Muuguzi wako, kwa furaha kabisa, akanieleza kwamba kuna uvimbe mwingine wanauondoa kwa kupitia njia ya uzazi, bila tundu hata moja tumboni. Bila uzi! Na kwamba huko nje wameanza kupitisha mrija kwenye mshipa wa damu wa pajani, wanauzibia uvimbe njia ya chakula chake mpaka unanyauka wenyewe. Kwa mwendo huu mwisho mtawatibu wake zetu kwa simu, na sisi waume tutalima mpaka kwenye mlima wa chuma wa Liganga.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wahenga, na nyie hata usaha hamkutumbua. Kwa hiyo basi, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Yudita apokewe tena kwa siku moja, ashonwe nyuzi ishirini na tano za nyongeza. Si lazima mpasue. Shoneni juu juu tu, kwa urembo. Uzi nitatoa mimi, na rangi atachagua yeye, kwa kuwa inaonekana ndio mtindo wenu.

(b) Kama (a) haiwezekani, nipewe cheti kinachosema kwamba uzi mmoja wa darubini ni sawa na nyuzi kumi za kisu. Muhuri uwe mkubwa. Mama Emerensiana hasomi sana maelezo lakini muhuri anauheshimu.

(c) Kama (b) haiwezekani, madaktari wageni waje Wanging'ombe wenyewe na majembe. Kama hawawezi kuona majani bila televisheni, waje nayo. Abrahamu ana betri ya gari.

(d) Ubao wa tangazo uwekwe getini, maandishi makubwa: MATUNDU MADOGO, MGOWE MDOGO. Ili mume mwingine asikodi shamba kwa kukadiria urefu wa mkewe.

Nisipopata jibu katika siku kumi na nne nitakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, na yeye akinyamaza nitapeleka redioni, kwenye kile kipindi cha salamu, nimsalimie mgonjwa wangu kwa jina na kuzitaja nyuzi zake moja moja.

Nakomea hapo, si kwa kuwa maneno yamekwisha bali mgongo umegoma. Nisalimie wauguzi wote, hasa yule mcheshi. Nisalimie yule bibi wa Lupembe wa kitanda cha pili aliyekuwa akimgawia mke wangu uji. Nisalimie mlinzi, mwambie sina kinyongo, na ndoo si ya maziwa. Nisalimie hata ile televisheni.

Wako katika kulijenga taifa na kulipalilia,

Lameki Mlowe,
Fundi na Mkulima (kwa kulazimishwa)

Nakala: Mama Emerensiana, Katibu, Tuinuane
Ndugu Abrahamu, mwenye shamba
Jalada (ndani ya droo ya cherehani)

Nyongeza:

Ndugu Mganga Mkuu, barua ilikuwa tayari, nikampa Yudita aikague herufi. Ameisoma yote, amecheka mpaka akashika tumbo, na halikumuuma. Kisha akaniuliza mbona nimeandika kwamba kukaa kumenishinda. Ikabidi niseme kweli. Ni kwamba hii palizi imenitoa ngiri. Ipo kinenani upande wa kulia, jioni inakuwa kama yai la bata. Mganga wa zahanati ameiona, amesema hiyo ni ya kupasua tu, na hapa karibu wanapasua kwa kisu, mshono mrefu, amenionyesha kwa kidole.

Yudita akaniletea katiba ya kikundi, akaweka kidole kwenye ibara ya saba. Mwanachama, au mtu wa nyumbani kwake. Sikumaliza hata kushusha pumzi, amekwisha kwenda kwa Mama Emerensiana na kurudi. Kikundi kizima kimefurahi. Wamenoa majembe. Wanasema nichanwe vizuri, nisione haya, mimi ni mrefu, naweza kufika hata thelathini, watalimaliza la nyuma ya nyumba, watahamia Wanging'ombe, na mimi nitakaa barazani na blanketi na uji. Kuhesabu, Bi Ashura ameomba ashike tochi yeye. Kila nilichokiomba katika barua hii nimepewa, tena kwa nyimbo.

Naomba uichukulie barua yote hiyo hapo juu kama haikuandikwa.

Je, wale wageni bado wapo? Kama wapo, tafadhali waambie wasiondoke. Nataka njia ya Yudita. Matundu madogo kabisa mliyonayo, na kama lile la kitovuni linatosha peke yake, litumieni hilo. Nijazeni upepo mtakavyo. Televisheni iwe wazi, hata kama kuna mpira. Uzi ukipungua, msinunue mwingine. Majani nitayamalizia mwenyewe nikipona, siku tatu za mgowe zinanitosha, na wala sitakuja na ndoo.

Yudita anasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Atanisindikiza Alhamisi, naye ndiye atakayebeba mzigo, maana wiki zake sita zitakuwa zimebaki siku chache na zangu ndiyo kwanza zinaanza. Ile karatasi ya kuchagua, mpe yeye aisaini. Aliwahi kuchagua vizuri, na mimi nimepata mke mzima. Ila, nakuomba sana, msimamie karibu uone anaweka alama wapi.